Kutu Katika Ubongo: Historia ya Oksijeni na Ugonjwa wa Alzheimer

Karanga zilizomenywa na kuachwa wazi kwenye joto hazichukui muda mrefu kuchacha. Harufu hubadilika, na mafuta yake huwa machungu, yakikwaruza koo. Oksijeni ya hewani imeyashika mafuta hayo na kuyavunja, na kila kipande kilichovunjika kimekwenda kuvunja kingine. Wanakemia huita kazi hiyo oksidisho, na ndiyo hiyo hiyo inayotia chuma kutu. Mafuta ya nazi hustahimili zaidi, kwa kuwa molekuli zake zimeshiba haidrojeni na hazina sehemu nyingi za kushikwa. Ubongo wa binadamu, kwa bahati mbaya, umejaa mafuta ya aina ile ya kwanza, yaliyo mepesi kuchacha.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ambayo mtu aliyetulia huhitaji. Sehemu kubwa ya oksijeni hiyo huishia katika mitokondria, vijitanuri vilivyomo ndani ya seli, ambamo elektroni hupokezanwa hatua kwa hatua mpaka zinapoifikia oksijeni na maji kutokea. Si zote zinazofika salama. Chache huchopoka njiani na kudakwa na oksijeni mapema, nayo hugeuka superoksidi, ambayo ni radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza. Superoksidi hubadilishwa kuwa haidrojeni peroksidi, dawa ile ile ya kuoshea vidonda. Peroksidi nayo ikikutana na chuma kisichofungwa ndani ya protini huzaa radikali ya haidroksili, na hiyo hushambulia chochote kilicho jirani nayo: mafuta ya utando wa seli, protini, hata DNA. Mwili una walinzi wake, vikiwemo vimeng'enya na vitamini C na E. Walinzi hao wakizidiwa, hali hiyo huitwa mkazo wa oksidisho, jina lililoenea tangu Helmut Sies wa Düsseldorf alipoandika kitabu juu yake mwaka 1985. Seli ya ini ikifa, nyingine huzaliwa mahali pake. Seli nyingi za neva hazina mrithi. Zilizoundwa kabla mtu hajazaliwa ndizo anazozeeka nazo.

Katika ugonjwa wa Alzheimer uharibifu huu umeonekana mara nyingi ulipotafutwa, lakini ilichukua muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuutafuta. Elimu ya ugonjwa huo na elimu ya radikali huru zilikua katika vyumba tofauti, bila kujuana, kwa zaidi ya nusu karne.

Ya kwanza ilianzia Frankfurt. Tarehe 25 Novemba 1901 mke wa karani wa reli, mwenye umri wa miaka 51, alipokelewa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya mji huo. Jina lake lilikuwa Auguste Deter. Alikuwa amemshuku mumewe kwa wivu usio na sababu, akawa anaficha vitu vya nyumbani na kushindwa kupika chakula alichokuwa amezoea kukipika miaka yote. Daktari aliyekaa kitandani pake na kumhoji aliandika majibu neno kwa neno. Alipoulizwa jina la mumewe, alitaja la kwake. Mchana alikuwa akila nyama ya nguruwe na koliflawa, na alipoulizwa anakula nini alisema ni mchicha wa Kizungu. Akipewa kalamu aandike jina lake, aliandika nusu na kusahau lililobaki. Jalada hilo lilipotea kwa miongo mingi, likapatikana katika kumbukumbu za Frankfurt mwaka 1995, likiwa na picha yake akiwa amevaa gauni la hospitali, mikono imefumbatana juu ya magoti. Anayeitazama picha hiyo haoni "kisa cha kwanza". Anaona mama aliyechoka, ambaye jina lake lilitunzwa na daktari pale yeye mwenyewe aliposhindwa kulishika.

Daktari huyo, Alois Alzheimer, alihamia baadaye München, katika kliniki ya Emil Kraepelin, lakini hakuacha kuulizia habari za mgonjwa wake. Auguste alipofariki Aprili 1906, ubongo wake ulitumwa München. Ulikuwa umesinyaa. Alzheimer alitumia mbinu mpya ya Max Bielschowsky, mtaalamu wa Berlin, iliyokuwa na umri wa miaka michache tu: kipande chembamba cha ubongo hutiwa katika maji yenye chumvi ya fedha, kisha katika formalini, na fedha hujikusanya kama unga mweusi juu ya nyuzi za neva. Chini ya hadubini zikaonekana alama mbili. Kati ya seli palikuwa na mabaka ya kitu kigeni, yaliyotapakaa kama mbegu za mtama juu ya jamvi. Ndani ya seli nyuzi nyembamba zilikuwa zimesokotana kuwa mafundo mazito, na mahali pengine seli yenyewe ilikuwa imekwisha kutoweka, limebaki fundo tu. Jambo moja halikumshughulisha mtu wakati huo, nalo linastahili kutajwa: fedha huwa nyeusi kwa sababu formalini huipa elektroni, yaani kwa kazi iliyo kinyume cha oksidisho. Chombo kilichouonyesha ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kilifanya kazi kwa kemia ile ile ambayo ingekuja kuchunguzwa ndani yake miaka themanini baadaye.

Tarehe 3 Novemba 1906 Alzheimer aliwasomea madaktari wenzake waliokutana Tübingen aliyoyaona. Hakuulizwa swali hata moja. Muhtasari mfupi ulichapishwa mwaka 1907, na mwaka 1910 Kraepelin akaupa ugonjwa jina la Alzheimer katika kitabu chake cha magonjwa ya akili. Alzheimer mwenyewe alifariki mwaka 1915 akiwa na miaka 51, umri ule ule ambao Auguste alikuwa nao alipoingia hospitalini. Kwa miongo iliyofuata jina hilo lilitumika kwa wagonjwa wachache walioanza kusahau kabla ya uzee. Wazee walioanza kusahau waliambiwa ni uzee tu, na shauri likaishia hapo. Mwaka 1968 ndipo Blessed, Tomlinson na Roth wa Newcastle, Uingereza, walipoonyesha kwamba bongo za wazee waliopoteza kumbukumbu zina mabaka yale yale ya Auguste, na kadiri mabaka yalivyozidi ndivyo hali zao zilivyokuwa mbaya zaidi.

Elimu ya pili haikuwa na mgonjwa. Ilianza na chupa. Henry Fenton, alipokuwa bado mwanafunzi wa Cambridge miaka ya 1870, aliona kwamba chuma kidogo kikiongezwa kwenye haidrojeni peroksidi huipa nguvu kubwa ya kuoksidisha, na mwaka 1894 akachapisha uchunguzi kamili. Mwaka 1900 Moses Gomberg, katika Chuo Kikuu cha Michigan, alitengeneza radikali huru iliyoweza kuishi muda wa kutosha kuchunguzwa, ingawa wengi walikuwa wameamini kitu kama hicho hakiwezekani. Kwa nusu karne mambo haya yalibaki mali ya wanakemia na ya viwanda vya mpira na plastiki. Ilidhaniwa kwamba radikali ni kali mno, haziwezi kukaa ndani ya kiumbe hai.

Aliyefungua mlango alikuwa Rebeca Gerschman, mwanafiziolojia kutoka Argentina aliyekuwa akifanya kazi Rochester, New York. Ilijulikana tangu zamani kwamba oksijeni safi kwa wingi ni sumu: wapiga mbizi wanaoivuta kwenye kina kirefu hupatwa na degedege. Ilijulikana pia, na baada ya mabomu ya 1945 kila mtu alitaka kujua zaidi, kwamba mionzi huua. Gerschman aliona kuwa panya waliowekwa katika oksijeni ya mgandamizo mkubwa na panya waliopigwa eksirei walidhuriwa kwa namna zinazofanana, na kwamba dawa zilizowakinga hawa ziliweza kuwakinga na wale. Mwaka 1954, pamoja na Daniel Gilbert na wenzao, alitangaza katika jarida la Science kwamba sumu zote mbili ni moja: radikali huru za oksijeni. Kwa uzito wa jambo lenyewe, jina la Gerschman lilistahili kujulikana kuliko linavyojulikana. Vitabu vingi huanza hadithi hii kwa Denham Harman.

Harman naye ana haki yake. Alikuwa mwanakemia aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya mafuta kabla ya kusomea udaktari, kwa hiyo radikali zilikuwa lugha aliyoizoea. Akiwa Berkeley mwaka 1954 alijiuliza kwa miezi kadhaa kwa nini kila kiumbe huzeeka, na mwaka 1956 akachapisha jibu lake: kuzeeka ni kujilimbikiza kwa majeraha madogo madogo ya radikali ambazo mwili wenyewe huzitoa unapopumua. Mwaka 1972 alizinyooshea kidole mitokondria kuwa ndiyo saa inayohesabu maisha. Mwanzoni wengi walimpuuza, mpaka ulipopatikana ushahidi kwamba mwili wenyewe unaziogopa radikali hizo. Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke waliuleta mwaka 1969. Katika chembe nyekundu za damu ya ng'ombe walikuta kimeng'enya ambacho kazi yake ni moja tu, kuiondoa superoksidi. Protini yenyewe ilikuwa imekwisha kutengwa na wanasayansi wa Cambridge mwaka 1938, ikapewa jina kwa sababu ya shaba iliyomo, ikawekwa kando bila mtu kujua kazi yake. Sasa jambo likawa wazi: kama seli hai zimejijengea askari wa namna hii, basi adui yupo.

Elimu hizi mbili zilikutana kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong, huko San Diego, walitambua protini iliyojikusanya katika mishipa ya damu ya bongo za wagonjwa wa Alzheimer. Ni kipande kifupi ambacho sasa huitwa amiloidi beta. Mwaka uliofuata Colin Masters na Konrad Beyreuther walionyesha kuwa mabaka yale ya kati ya seli yameundwa kwa kitu hicho hicho. Glenner na Wong walikikuta pia katika bongo za watu wenye hali ya Down, ambao wengi wao huanza kusahau wakiwa na umri wa miaka 50 na zaidi. Watu hao wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Jeni ya protini inayozaa amiloidi ilipopatikana mwaka 1987, ilikuwa kwenye kromosomu ya 21. Jeni ya kimeng'enya cha McCord na Fridovich ilikuwa imeshajulikana kuwepo kwenye kromosomu hiyo hiyo.

Miaka ya 1990 ikawa miaka ya kuhesabu majeraha. Mwaka 1991 kundi la watafiti wa Marekani lilipima protini katika bongo zilizotolewa na jamaa za marehemu, likakuta zimeoksidishwa zaidi katika bongo za wazee, wenye Alzheimer na wasio nayo, kuliko katika bongo za vijana. Mwaka 1994 Patrizia Mecocci na wenzake walikuta DNA ya mitokondria imeharibika kupita ile ya wazee wa rika moja wasio na ugonjwa. Mark Smith, George Perry na wenzao wa Cleveland waliona masalia ya mafuta yaliyochacha ndani ya seli zenye nyuzi zilizosokotana. Hatimaye kukawa na kipimo kisichohitaji kungoja kifo: isoprostani, mabaki ya mafuta yaliyovunjwa na radikali, yaliyogunduliwa na Jason Morrow na Jackson Roberts wa Nashville mwaka 1990, ambayo huweza kupimwa katika maji ya uti wa mgongo ya mtu aliye hai.

Ugomvi uliobaki ulikuwa juu ya kipi kilitangulia, amiloidi au oksidisho. Wengi waliamini amiloidi ndiyo chanzo. Christian Behl na David Schubert walionyesha mwaka 1994 kwamba amiloidi ikimwagiwa seli za neva kwenye bakuli la maabara, seli hizo hujaa peroksidi na kufa, na kwamba vitamini E huziokoa. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, mpaka Akihiko Nunomura, Mjapani aliyefanya kazi na kundi la Cleveland, alipohesabu kwa utaratibu mwingine. Yeye alitazama RNA iliyooksidishwa, seli moja baada ya nyingine, katika bongo za hatua mbalimbali za ugonjwa. Mwaka 2000 alitoa matokeo ya watu wenye hali ya Down: majeraha yalikuwepo tangu ujana wao, miaka mingi kabla ya baka la kwanza. Mwaka 2001 akatoa ya Alzheimer yenyewe, nayo yaliwashangaza wengi. Majeraha yalikuwa makubwa zaidi mwanzoni mwa ugonjwa, na mahali ambapo amiloidi ilikuwa imerundikana sana yalikuwa yamepungua. Mwaka huo huo Domenico Praticò na wenzake walipata jambo linaloelekeana na hilo katika panya waliopandikizwa jeni ya binadamu, kwa kuwa isoprostani zilipanda kabla mabaka hayajatokea. Perry na Smith walithubutu kusema kwamba huenda mabaka ni kinga ambayo ubongo hujiwekea dhidi ya oksidisho, kama kigaga juu ya kidonda. Wachache waliwafuata mpaka hapo. Kwamba kutu huanza mapema, hata hivyo, kulikubaliwa na wengi.

Kwa familia zenye mgonjwa yote haya yalikuwa na maana moja: kama ubongo unachacha, basi upewe kinachozuia kuchacha. Vitamini E ilikuwa dukani, bei yake nafuu. Mwaka 1997 Mary Sano na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine jaribio la miaka miwili kwa wagonjwa 341 wa hatua ya kati, wakiwa wamegawanywa kupewa vitamini E, dawa ya selegilini, vyote viwili, au kidonge kisicho na dawa. Kipimo cha vitamini E kilikuwa uniti 2,000 kwa siku, mara nyingi zaidi ya anachopata mtu kwa chakula. Vifo, kupelekwa kwenye nyumba za wazee na kushindwa kujihudumia vilichelewa kwa miezi kadhaa katika makundi yaliyopewa dawa. Alama za mitihani ya kumbukumbu hazikubadilika, na tofauti yenyewe ilijitokeza baada tu ya kusahihisha hesabu, kwa sababu makundi hayakuanza yakiwa sawa. Maelezo hayo madogo hayakufika mbali. Kilichofika mbali ni habari ya vitamini E, na kwa miaka kadhaa madaktari wengi wa Marekani waliiandika kwa wagonjwa wao.

Kisha majibu mengine yakaanza kuingia. Mwaka 2005 Ronald Petersen na wenzake waliripoti jaribio la watu 769 waliokuwa na upungufu mdogo wa kumbukumbu. Baada ya miaka mitatu waliopewa vitamini E waliugua Alzheimer sawa na waliopewa kidonge kitupu. Mwaka huo huo uchambuzi wa majaribio mengi ya vitamini E ya kipimo kikubwa ulionyesha dalili kwamba huenda inaongeza vifo kidogo, na kalamu za madaktari zikasita. Mwaka 2014 jaribio la askari wastaafu 613 wa Marekani lilirudisha tumaini kidogo, kwani waliopewa vitamini E walichelewa kupoteza uwezo wa kuvaa, kula na kuoga wenyewe. Mwaka 2017 yakaja matokeo ya wanaume 7,540 waliofuatiliwa kwa miaka mingi, wengine wakipewa vitamini E, wengine madini ya seleni, wengine vyote viwili. Hakuna hata kimoja kilichozuia ugonjwa wa kusahau.

Jaribio lililofundisha zaidi lilikuwa dogo, la Douglas Galasko na wenzake, mwaka 2012. Wao hawakuridhika kumpa mtu vidonge na kungoja. Walipima maji ya uti wa mgongo kabla na baada. Kundi lililopewa vitamini E, vitamini C na asidi ya alfa lipoiki lilipungukiwa isoprostani, ishara kwamba kuchacha kwa mafuta ya ubongo kulipungua kweli. Amiloidi haikubadilika. Nazo alama za kumbukumbu za kundi hilo zilishuka haraka kuliko za wengine.

Sababu inayowezekana ilikuwa imeanza kueleweka katika maabara nyingine. Haidrojeni peroksidi kwa kiasi kidogo si uchafu wa seli. Ni ujumbe. Seli huitumia kuamrisha jeni za kujikinga ziamke, na seli za neva huihitaji hata katika kuimarisha viunganisho ambavyo kumbukumbu huhifadhiwa kwavyo. Kuifuta yote ni kuikata seli ulimi. Kumeza kinga kinywani pia si sawa na kuifikisha ndani ya mitokondria, ng'ambo ya ukuta unaotenga damu na ubongo. Tena mgonjwa anayeonyesha dalili amekwisha kupoteza seli nyingi. Yale majeraha ya mwanzo aliyoyahesabu Nunomura yalikuwa yameshapita kwa miaka.

Chuma nacho kina historia yake ndani ya historia hii. Mtafiti aitwaye Goodman alikwisha kukiona katika bongo za wagonjwa 23 wa Alzheimer mwaka 1953, na mwaka 1958 Hallgren na Sourander wa Sweden walipima jinsi kinavyoongezeka katika ubongo wa kawaida kadiri mtu anavyokua na kuzeeka. Mwaka 1991 madaktari wa Toronto waliripoti kuwachoma sindano ya deferoksamini, dawa inayofunga madini na kuyatoa mwilini, baadhi ya wagonjwa wa kundi lenye jumla ya watu 48. Walilenga aluminiamu, iliyokuwa ikishukiwa wakati huo, lakini dawa hiyo hufunga chuma vilevile. Waliochomwa walidhoofika polepole kuliko wenzao. Sindano zilikuwa za maumivu, mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa miaka miwili, na utafiti huo ukaachwa.

Chuma kilirudi mezani mwaka 2012, pale Scott Dixon, Brent Stockwell na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia walipoeleza ferotosisi: seli kufa kwa sababu chuma kimechochea mafuta ya utando wake kuchacha mpaka unapasuka. Lilikuwa jambo lile la Fenton, safari hii limepatikana ndani ya seli hai na likapewa jina. Watafiti wa Australia wakachukua deferiproni, dawa ya kumeza inayofunga chuma na kuvuka hadi ubongoni, wakaijaribu kwa watu 81 wenye Alzheimer ya mwanzo au dalili zake, kwa miezi 12. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2024. Picha za ubongo zilionyesha chuma kimepungua katika hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya. Waliomeza dawa hiyo walidhoofika akili haraka kuliko waliomeza kidonge kitupu.